Namba ya Asubuhi

Watu wa hapa Bunia wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nawajibu kwamba nilikuwa nashika pumzi. Wanacheka. Jirani yangu anayeuza simenti aliniambia hiyo si kazi, hata mutoto anayelilia biskuti anashika pumzi. Nikamwambia ni kweli, lakini huyo mutoto hatoki mu maji na samaki kapitene, ile sangara, wa kilo kumi na tano mukononi. Kwa miaka mingi nilikuwa nazama mu Ziwa Albert, upande wa Mahagi, pale mulima unaposhuka mpaka ukingo na kuendelea kushuka ndani ya maji. Bila chupa ya hewa, bila mashini. Mukuki, kamba kiunoni, na Mama Wivine juu ku pirogi, ule mutumbwi wetu, basi. Samaki wetu walipanda lori mpaka soko ya Bunia. Huyo muuza simenti mwenyewe amekula kapitene wangu mara nyingi, na hajanishukuru hata siku moja.

Mwezi jana nimeacha kazi. Wazamiaji wa pirogi yetu waliobaki ni saba, na waliniomba niwaandikie mambo ya kazi mbele sijasahau. Mumoja wao ni Neema, binti yangu. Siwezi kuficha kwamba naandika zaidi juu yake. Anazama kunipita mimi wa wakati wangu muzuri. Ana kifua cha mama yake na kichwa changu, na hicho kichwa ndicho kinanipa wasiwasi. Nataka azeeke, basi. Nataka siku moja aketi sawa mimi hapa, alalamike juu ya magoti na bei ya sukari. Wote saba nataka wazeeke. Lakini wale sita wana wazazi wao, nao wajisumbue kidogo.

Swahili yangu ni ya huku kwetu. Anayetaka ile ya vitabu aende kuazima kitabu.

Nilizaliwa karibu na Bambu, na baba yangu alikuwa anachimba zahabu. Mashimo ilikuwa inajaa maji, wanaleta pompe, na bomba ya pompe inaziba matope kila saa. Kazi yangu ilikuwa kuingia mu maji ya kahawia, kutafuta kichwa cha bomba kwa vidole, kukizibua na kutoka. Nilifanya hivyo mpaka nikajiona fundi wa maji. Watu walinisifu, na mutu ukimusifu ukiwa unangojea atokee mu shimo, anakubali kila kitu. Nikasikia kwamba ku ziwa kuna timu ya watu wanaopiga samaki chini kwenye mawe. Nikashuka kule na mufuko mumoja na majivuno ya kujaza lori.

Nilikuta pirogi imefungwa ukingoni. Nyuma kabisa aliketi mama mumoja munene, kamba imejikunja juu ya mapaja yake sawa paka, naye anakula muhogo wa kuchoma. Huyo alikuwa Mama Wivine. Wakati ule alikuwa hajafika hata miaka arobaini. Hakujua kuogelea, na mpaka leo hajui. Maji ikimufika ku magoti anatafuta mutu wa kushika.

"Weye unatoka wapi na iyo kifua ya kutangulia?" akaniuliza.

"Bambu, Mama. Najuaka kuzama."

"Bambu iko na ziwa?"

"Iko na mashimo."

"Aa, mashimo." Akatafuna kwanza. "Na ule mwenye alikuwa anashika kamba yako mu shimo, alikuwa nani?"

Nikamwambia hakukuwa na mutu wala kamba. Akanipa kipande cha muhogo, kwa namna unavyompa mugonjwa.

Hapa nieleze desturi ya ile pirogi, sababu mambo yote yanatokea pale. Asubuhi, mbele mutu hajaingia mu maji, Mama Wivine anamuuliza maulizo matatu: Umelala? Umekula nini? Nani amekukasirisha? Ukishajibu, unataja namba yako ya siku hiyo, kwa sauti, wote wasikie. Namba ilikuwa ya beti. Mama Wivine alikuwa muimbaji wa korali, yaani kwaya, na alipima muda wa chini kwa wimbo mumoja wa kanisa, ule ule kila siku. Kila ubeti ukiisha anagonga pirogi na kopo ya kutolea maji, ko! Chini ya maji unaisikia vizuri kuliko simu ya siku hizi. Beti zako zikiisha, anavuta kamba, upende usipende. Ukitaja namba, anajibu neno moja tu: "Imesikiwa." Yeye anaweza kuikata, na weye mwenyewe unaweza kuikata. Kuongeza, hapana. Na mutu mwingine yeyote hana ruhusa ya kusema kitu juu ya namba ya mwenzake. Kucheka ndiyo kabisa.

Siku yangu ya kwanza nilitaja tatu.

"Tatu," akasema Mama Wivine. "Tukate, ibaki moja. Imesikiwa."

Nilikasirika sana. Nikashika jiwe la kushukia, nikajitupa. Kamba yetu ilikuwa na fundo kila pima moja, na mimi nilifika fundo la tatu masikio yakaanza kulia, la nne nikaona mutu ananichoma na sindano ndani ya kichwa. Mashimo ya Bambu hayakuwa na pima nne! Nikaachia jiwe, nikarudi mbio. Damu ilinitoka puani, na wimbo ulikuwa haujafika hata nusu ya ubeti. Mama Wivine hakucheka. Alinipa kitambaa, akasema, "Sasa tunajuana." Ikawa juma nzima ya kujifunza kubana pua na kusukuma hewa taratibu mpaka masikio yafunguke, kila fundo, tangu fundo la kwanza. Asiyefungua masikio hashuki. Mwenye mafua hashuki kabisa, sababu mafua yanafunga ile njia, na maji haina huruma na ngoma ya sikio.

Vyombo vyetu vilikuwa vya kujitengenezea. Mukuki ni chuma cha beto, nondo ya kujengea, tulikinoa juu ya jiwe mpaka kikaweza kutoboa nazi, na nyuma yake mpira wa shambreri, ule wa ndani ya gurudumu la lori, wa kuurusha. Lineti ni kioo cha dirisha la gari, kimezungushiwa mpira, kinafunika macho na pua. Ya kwanza niliyotengeneza ilivuja, nikaona ziwa lote kwa jicho moja. Vijana wa leo wana mapezi ya miguu na saa inayoangaza. Vizuri. Mimi naipenda ile saa. Lakini saa haiulizi kama umelala.

Kuna mutu anayeniuliza juu ya mamba. Mamba anapenda majani na matope, kwenye mawe ya kina haendi sana. Hilo neno "sana" nilikaa nalo miaka yote.

Fundi wa kweli wa pirogi alikuwa Dieudonné, siye tulimuita Djodjo. Mutu mufupi, mukimya, anapenda kulala. Namba yake ilikuwa nne, na siku nzuri anashuka pima kumi na mbili, anaketi juu ya jiwe sawa mutu anayengoja lori, mpaka kapitene wenyewe wanakuja kumuangalia. Njo pale anapiga. Hakuwahi kufukuza samaki. "Ukifukuza, unakula pumzi," aliniambia. "Samaki iko kwake. Weye njo mugeni." Nilijifunza mengi kwake, na kati ya hayo nilijifunza njia ya nyumbani kwao, sababu alikuwa na dada, Espérance. Nilianza kumuita Djodjo shemeki mbele hata Espérance hajakubali kunisalimia. Aliniambia nipunguze haraka.

Nawapa kesi moja ya kazi, muone namna yake. Gurupu ya umeme, ile jenereta, ilianguka kutoka pirogi ya mufanyabiashara mumoja, kwenye pima kumi na moja. Mwenyewe alikuja analia, anataka itoke siku ile ile. Kulikuwa na upepo. Mama Wivine akakataa. Siku ya pili upepo, akakataa tena. Yule bwana alimutukana matusi ya Kifaransa, na Mama Wivine alimushukuru kwa heshima, sababu hakuelewa. Siku ya tatu ziwa ilitulia. Mimi nilifikiri Djodjo atashuka na kamba nene, afunge, mambo yaishe. Wapi! Safari ya kwanza alishuka kuangalia tu. Ya pili akaondoa matope upande mumoja. Ya tatu akapitisha kamba chini ya mguu mumoja wa gurupu. Kati ya safari na safari alipumzika wimbo muzima mara mbili, amelala chali, mikono juu ya tumbo. Ilimuchukua safari tisa. Gurupu ikatoka, na Djodjo akatoka, wote wawili wazima. Nilimuuliza juu ya nini hakumaliza kwa safari tatu, kifua anacho. Akasema, "Kifua niko naye. Njo maana namulinda."

Nilisikia. Kusikia si kazi. Kazi ni siku unayotaka kitu kwa nguvu.

Siku yangu ilikuja mwaka ule Espérance alipokubali. Harusi ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwao karibu na Mahagi. Nikajiwekea mu kichwa kwamba meza ya wakwe lazima iwe na kapitene mumoja wa kushangaza watu, samaki ambaye mashangazi watamupima na mikono wakirudi nyumbani. Nilimujua. Alikuwa anakaa mu pango kwenye pima kumi na moja, mukubwa, na kovu nyeupe ku mugongo. Siku mbili mbele ya harusi, asubuhi, tukaketi ku pirogi.

Mama Wivine akaanza na Djodjo. "Umelala?"

"Kidogo."

"Umekula nini?"

"Uji. Niko na mafua, Mama." Akapenga kamasi. "Leo ni zero."

"Imesikiwa."

Na mimi nikacheka. Naandika bila kujificha: nilicheka, mbele ya wote. "Shemeki! Zero? Fundi muzima?" Mama Wivine aliniangalia sawa mutu aliyetema mate mu chungu. Djodjo alipenga tena. Mimi nilipoulizwa, nilisema nimelala vizuri (uongo), nimekula vizuri (furaha ya harusi ilikuwa imenifunga tumbo), hakuna aliyenikasirisha. Nikataja tatu. Tatu ilikuwa namba yangu ya siku nzuri kabisa, na ile haikuwa siku nzuri. Tena nikafanya jambo ambalo Djodjo alinikataza tangu mwanzo: nikageuka nyuma, nikapumua haraka haraka mara nyingi, kama mutu anayepuliza moto. Hiyo inadanganya kifua. Kifua kinanyamaza, unadhani kimeshiba.

Nikashuka. Maji ilikuwa safi, masikio yalifunguka vizuri, nikafika ku pango. Muzee mwenye kovu alikuwapo. Nikakaa juu ya jiwe, nikangoja ko! ya kwanza. Ilichelewa. Nikafurahi, nikajisemea leo niko na nguvu, ubeti mumoja umekuwa murefu na sijachoka. Ko! Nikangoja samaki ageuke. Hakugeuka. Kifua kikaanza kuniambia: twende. Nikakijibu: bado, hata ya pili haijagongwa. Kikaniambia tena, kwa ukali. Nikakijibu: Mama Wivine hajakosea hata siku moja, weye ndiye muongo. Ko! ya pili. Samaki akageuka, nikarusha, mukuki ukaingia. Akaingia nao ndani ya pango, na mimi nikavuta, naye akavuta. Nilikuwa na furaha, nawaambia. Hapo ndipo hatari ilipo, sababu haiumi. Nakumbuka nilifikiria uso wa shangazi mukubwa. Baadaye sikumbuki kitu.

Sasa niseme kilichotokea juu, namna walivyonisimulia. Mwalimu mupya wa korali alikuwa amehamia kwetu kutoka Butembo, na alikuwa na mawazo. Alisema bibi arusi hawezi kuingia kanisani mbio mbio sawa mutu aliyesahau chungu motoni. Ule wimbo wetu wa kila siku akauchukua kwa harusi yangu, akaunyoosha, akaweka ngoma kati ya musitari na musitari, ili Espérance atembee hatua moja, asimame, hatua moja, asimame. Juma nzima Mama Wivine alikuwa anaurudia, jikoni, sokoni, njiani. Asubuhi ile ku pirogi ukatoka vile vile mudomoni mwake, na yeye mwenyewe hakujua. Mimi niko chini nangoja kopo, kumbe Espérance yuko anatembea.

Djodjo alikuwa ameketi pembeni ya Mama, zero yake na kitambaa chake. Mwanzo alikuwa anatikisa kichwa na wimbo. Halafu akaacha.

"Mama," akasema, "iyi wimbo si ni ya harusi?"

Mama Wivine akafunga mudomo. Hawakungoja ubeti. Walivuta wote wawili, mikono juu ya mikono. Nilifika fundo la pili mwili umelegea, uso wa buluu, macho wazi bila kuona. Djodjo alinishika kidevu juu ya maji, akatoa lineti, akanipuliza usoni, akanipiga mashavu. "Pumua! Faustin, pumua! Pumua, we!" Alisema hivyo mara ngapi, hakuna aliyehesabu.

Nikapumua. Nikaona mulima, nikaona uso wa Djodjo, kamasi mpaka kidevuni. Na neno langu la kwanza mu maisha ya pili lilikuwa, "Samaki iko wapi?"

Mama Wivine alinipiga kofi ambalo nalisikia mpaka leo mvua ikinyesha. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, na kopo bado mukononi, akasema, "Miye njo nilikuwa naenda kukuua na wimbo ya Mungu." Nilitaka kumwambia si yeye. Kifua kiliniita mara mbili na mimi nikakikataa, nikaamini kopo kuliko mwili wangu. Lakini meno yalikuwa yanagongana, neno halikutoka. Nililisema kesho yake, na nimelisema kila mwaka tangu pale. Hajakubali bado.

Djodjo alingoja mpaka tumefika ukingoni. Akaniketisha juu ya mawe, akanifunika na koti lake. "Shemeki," akasema, "ningeshuka leo na mafua yangu, nani angesikia ile wimbo?" Nikajifunika koti vizuri. "Basi. Siku moja na weye utasema zero. Mi ntakuwa pale. Nitacheka mpaka wanizike."

Samaki alienda na mukuki wangu. Harusini tulikula mbuzi na sombe ya majani ya muhogo, mashangazi walishiba na hawakupima kitu. Lakini kanisani, korali ilipoanza ule wimbo wao wa pole pole na Espérance akatokea mulangoni, hatua moja, asimame, mimi pale mbele nilianza kushika pumzi bila kujua. Djodjo alikuwa musimamizi wangu. Alinipiga kiwiko mbavuni. "Pumua, shemeki," akanong'ona. Espérance aliona tunacheka mbele ya mchungaji, na hilo nalilipia mpaka leo.

Tangu juma lile Mama Wivine hakuimba tena ku pirogi. Alisema anataka kitu ambacho hakuna mwalimu wa korali anaweza kukinyoosha. Akaamua kuhesabu kwa Kifaransa. Shida ni kwamba Kifaransa chake kiliishia ishirini, vingt, basi anafika vingt, anagonga ko!, anarudi un, moja. Tukapimwa wote upya, na namba zetu zikawa za vingt. Tena akaongeza sheria moja: kopo ni ya kumukamata mutu aliyejisahau, haimupi mutu ruhusa. Kifua kikisema twende, tunaenda, hata kopo haijagongwa mara moja. Mutu aliyerudi kopo haijagongwa, tulimupigia mikono. Ni hivyo mpaka sasa, na ndiyo maana hatujazika mutu wa pirogi ile.

Miaka mingine ilikwenda vizuri. Nilipata kapitene wengi, nilipoteza mikuki kumi na minne, nilitoa chini ya maji nyavu, injini, siku moja meno ya bandia ya chifu fulani. Nyumba tulijenga hapa Bunia, sababu ya shule ya watoto, na mimi nikawa wa kwenda na kurudi. Neema alianza kuja ku ziwa likizo. Alijifunza kufungua masikio mu pipa ya maji nyuma ya nyumba. Mama yake aligombana na mimi juma mbili, halafu akamushonea nguo ya kuzamia. Neema alipofika namba tano, mimi nilikuwa nimeshuka mpaka tatu. Sikuona haya. Nasema uongo: niliona haya mwaka mumoja, halafu ikapita.

Neema alikuwa hakati. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Amelala vibaya, tano. Amegombana na muchumba wake, tano. Mama Wivine anamukata, yeye anakubali na mudomo umevimba. Na Mama Wivine amezeeka, macho yanaona nusu, mutu akimudanganya na sauti nzuri hawezi kujua. Nilimuhadithia Neema ile kesi ya wimbo mara nyingi. Anacheka pale pa samaki, anacheka pale pa kofi. Ni hadithi tamu, na utamu wake ndio ulikuwa unaharibu kazi.

Siku yangu ya mwisho walifanya sherehe kidogo. Djodjo, ambaye aliacha kazi kabla yangu na sasa anafuga ng'ombe, alishuka kutoka Mahagi na kofia mupya. Mama Wivine akaketi nyuma, kamba mapajani. Wote walijua nitashuka mara ya mwisho, tatu, nilete hata ngege mumoja wa kula na pombe ya mandro jioni. Mimi mwenyewe nilitaka. Ee, nilitaka sana! Nilikuwa nimenoa mukuki siku mbili.

Lakini asubuhi ile, wakati wa kunawa, nilimusikia Neema nyuma ya kibanda chetu cha ukingoni anapenga pua. Akapenga tena, taratibu, sawa mutu anayeiba. Alipotokea alikuwa anacheka, macho mekundu. "Papa, leo nashuka tano kwa ajili yako," akasema. "Ya kukuaga." Ningeweza kumukataza. Mimi ni baba yake, angetii siku ile. Na kesho mimi niko Bunia.

Tukaketi ku pirogi. Mama Wivine akaanza na mimi, sababu ya heshima.

"Umelala, Papa Neema?"

"Apana, Mama."

"Umekula nini?"

"Chai tu. Imekataa kushuka."

"Nani amekukasirisha?"

"Hakuna. Niko na woga."

Watu wakageuka. Mama Wivine akainua uso na yale macho yake ya nusu. "Namba?"

Niliangalia maji. Ilikuwa safi kabisa, macho yanafika mpaka pima ya tano. Siku nzuri ya mwisho kuliko zote. Nikasema, "Zero."

"Imesikiwa."

Hakuna aliyecheka. Djodjo alifunika mudomo na kofia mupya, mabega yanatikisika, machozi yanashuka, lakini sauti haikutoka hata kidogo. Alitii sheria yule mutu. Alichekea ukingoni baadaye, mpaka ikabidi ashikwe.

Mama Wivine akageukia pembeni yangu. "Neema. Umelala?"

Neema aliangalia mukuki wangu ulionolewa, umelala chini ya miguu yangu, halafu akaniangalia mimi. Akavuta pua, kwa sauti, wote wakasikia.

"Niko na mafua, Mama," akasema. "Zero."

"Imesikiwa."

Wale sita wengine wakataja namba zao, zote zikiwa ndogo kuliko nilizozoea kusikia kwao. Wa kwanza akaingia mu maji. Mama Wivine akanipa kopo nigonge, akaanza, un, deux, na siye wawili tukaketi karibu yake bila kazi, tunasikiliza hesabu. Alipofika dix, kumi, Neema akanishika mukono.

"Papa, juu ya nini unalia?"

"Ni mafua."

"Papa," akasema, "mafua ni yangu."